Manowari ziwani Tanganyika: vipande au mashua nzima?

Wajerumani waliifungua meli yao Graf von Götzen vipande vipande, wakavitia katika masanduku yapatayo 5,000, yakapanda reli toka Dar es Salaam hadi Kigoma. Huko ikaungwa upya, mita 71, ikashushwa majini Februari 1915.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta mashua zao mbili za kivita, Mimi na Toutou, nzima, mita 12 tu kila moja, kwa gari moshi toka Cape Town, zikapita hapa kwetu Lubumbashi, enzi hizo Élisabethville, hadi Fungurume. Baada ya hapo kulikuwa mateso: mashini za mvuke zilizozivuta milimani Mitumba zilidai maji yasiyopatikana, ng'ombe wakasaidia, ndipo wakafika Sankisia, Bukama na mto Lualaba.

Kwa vita vya haraka, nachagua mashua nzima. Desemba 1915 ziliteka meli ya Wajerumani, Kingani, ikapewa jina Fifi. Februari 1916 Mimi na Fifi zikazamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Ila mzinga wa mbele wa Mimi na Toutou ulikuwa mdogo mno kwa Götzen.