Gari lililotumika Lubumbashi: lipi linastahili bei yake?

Muuzaji wa Lubumbashi akikuambia "dola elfu sita, duani imelipwa", yaani ushuru wa forodha umelipwa, ametaja bei ya gari na bei ya makaratasi kwa pumzi moja. Kazi yako ya kwanza ni kuzitenganisha. Toyota Ist mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kupishana bei sana bila muuzaji yeyote kukudanganya: moja ina carte rose, yaani kadi ya usajili wa gari, nyingine bado inaishi kwenye karatasi za mpakani Kasumbalesa.

Ndiyo maana sipangi magari kwa aina. Vitz, Ist, Noah na RAV4 zote fundi wa mtaani anazijua na vipuri vyake vipo. Nayapanga kwa mkono yanakotoka.

1. La mtu binafsi, lililokaa mjini

Gari lenye carte rose ya jina la huyo huyo anayekuuzia, na namba ya chasi ikilingana na iliyogongwa kwenye bodi, nalilipia zaidi kuliko lililoingia juzi. Limeshapita masika kwenye barabara zetu, kwa hiyo ugonjwa wake umeshajitokeza. Tena fundi wake yupo, unaweza kumuuliza. Muuzaji akikataa kukutajia fundi wake, punguza bei au punguza muda wako pale.

Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti: ikiwa na joto asubuhi na mapema, kuna kitu hakutaka ukisikie. Likiwaka, simama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, na mweupe usiokatika hata moteri ikishapata moto ni maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama kahawa ya maziwa, oili na maji vimekutana, na hapo unanunua kazi ya kufungua moteri.

Kisha litoe kwenye lami. Endesha polepole kwenye mitaa ya Katuba au Kenya hapa mjini, vioo vimefunguliwa, redio imezimwa. Kugonga kwa mbele ni bushi au shokapu, na hilo ni la kupunguziana bei tu. Giya otomatiki ni habari nyingine: kanyaga breki, toa P weka D, uhesabu. Likichelewa kushika, au likishika kwa kishindo, mimi huaga kwa heshima.

Muuzaji wa Ist au Probox akikuongezea bei kwa sababu "mkanda wa taiming ni mpya", mwache amalize maneno yake. Moteri hizo za 1NZ hutumia cheni, hazina mkanda huo.

2. Lililofika juzi kutoka Japani

Hapa ndipo watu wengi hulipa zaidi, kwa sababu gari linang'aa na viti bado vina plastiki. Faida ya gari hili ni kwamba bei yake inaweza kuhesabika. Tafuta mtandaoni gari la mwaka ule, moteri ile na kilomita zile kwa wauzaji wa Japani. Usiangalie bei ya FOB, ambayo inaishia bandarini kwao. Angalia ya CIF, ambayo imebeba meli na bima hadi Dar es Salaam. Ongeza gharama za kulivusha Tanzania na Zambia, ongeza duani (humo mna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%), ongeza namba na carte rose. Jumla hiyo ndiyo sakafu. Kilicho juu yake ni faida ya muuzaji, na hapo ndipo mnapozungumza.

Bei ikiwa chini ya sakafu, usifurahi haraka. Ama duani haikulipwa yote, ama gari lilinunuliwa mnadani na alama ya R, yaani liliwahi kuumia likatengenezwa. Omba karatasi ya mnada. Ikikosekana, angalia skrubu za boneti na za milango kama rangi yake imechanika, na kama mpira wa mlango una rangi iliyourukia pembeni. Soma pia maandishi madogo kwenye vioo. Kioo kimoja cha kampuni tofauti na vingine kina hadithi yake.

Kilomita ndizo zinazodanganya zaidi. Fungua mlango wa dereva uangalie fremu yake, na chini ya boneti pia. Magaraji ya Japani hubandika kikaratasi cha oili kilichoandikwa tarehe na kilomita, na waliorudisha nyuma saa ya kilomita mara nyingi husahau kukibandua kwa kuwa hawakisomi. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao: H28 ni Heisei 28, ongeza 1988 upate 2016, R3 ni Reiwa 3, ongeza 2018 upate 2021. Kikaratasi kikisema kilomita 140,000 mwaka 2016 na dashibodi inasema 82,000 leo, mazungumzo yamekwisha.

Halafu inua zulia, na gurudumu la akiba lilipolala pitisha kidole. Vumbi jekundu la huku halitoki Yokohama. Gari "la juzi" lenye vumbi hilo kwenye reli za viti limeshatembea hapa msimu mzima. Hata lililofika kweli juzi huenda liliendeshwa kutoka Dar kwa magurudumu yake, karibu kilomita 2,000, kwa hiyo hakikisha jeki, betri na gurudumu la akiba havikubaki njiani.

Kumbuka pia volan, yaani usukani. Sisi tunapita kulia, nalo lina volan kulia. Kwenye barabara ya Likasi nyuma ya lori la madini utahitaji abiria akuambie kama njia iko wazi. Lenye volan kushoto likiwa ghali kidogo, ni haki yake. Redio yake ya Japani nayo huishia masafa ya 90 au 95, stesheni nyingi hutazipata.

3. Pikapu ya kampuni ya madini

Hilux au Land Cruiser iliyotunzwa kwa kitabu cha garaji inaweza kuwa mali, lakini kilomita zake hazisemi kitu. Gari la mgodini hukaa likinguruma saa nyingi bila kusogea, na saa hizo hazionekani kwenye dashibodi. Tafuta matundu yaliyozibwa juu ya paa, pale taa ya kuzunguka na mlingoti wa bendera vilipokaa. Bila kitabu cha matengenezo, ilipie kama gari lililochoka, hata rangi ikiwa mpya.

4. Iliyokuwa teksi

Nunua ikiwa nawe unataka teksi. Vinginevyo hapana, hata wakikuapia kwamba ilikuwa ya mama wa kanisani.

Gari lenye namba ya Zambia na ahadi kwamba "duani tutamalizia" silipangi kabisa. Siku likikamatwa, aliyeko kwenye volan ndiye anayepoteza.

Ukishachagua, andika kasoro zote na bei ya kila moja kutoka kwa fundi wako, si wa muuzaji. Tuseme wanataka 6,000, matairi manne ni 280, shokapu na kazi yake 220, betri 80: anzia 5,400 na karatasi hiyo mkononi, usiseme tu "punguza". Umri wa tairi soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Komisyonere, yaani dalali, mwulize kabla ya kuliona gari nani anamlipa. Dola beba safi, zisizochanika hata kidogo, na toa salio hati ya mauzo ikiwa imeshasainiwa na carte rose iko mezani.