Baiskeli ya kwendea kazini Dar: vifaa vya kubeba, na kipi ununue kwanza

Mwaka wangu wa kwanza wa kwenda kazini kwa baiskeli nilibeba spana za kila namba, pampu sina. Niliamini fundi yupo kila kona. Na kweli yupo, chini ya mwembe na beseni lake la maji, ila ni mchana. Jioni moja nilipata pancha Barabara ya Mandela, Buguruni nimeshaipita, giza limeingia na mafundi wameshafunga. Niliikokota baiskeli hadi Ubungo huku malori ya bandarini yakinipita ubavuni. Tangu siku hiyo, kabla sijanunua kifaa chochote najiuliza: nikikwama saa 2 usiku, hiki kitanifikisha nyumbani?

Kwa kipimo hicho, namba moja ni pampu, tyubu ya akiba na vijiko vya kutolea tairi. Ninavihesabu kama kitu kimoja, maana kikikosekana kimoja hivyo vingine ni mzigo tu.

Kabla ya kulipia pampu, iangalie valvu yako. Phoenix na baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani zina valvu ya kizamani, yenye nati juu na kampira ndani. Baiskeli nyingi za gia zenye matairi mapana zina valvu nene kama ya bodaboda, ambayo hata kituo cha mafuta watakujazia. Za mbio zina nyembamba ndefu, na pampu yake huijaza pia ile ya kizamani. Chagua pampu yenye mdomo wa kukubali zote, na iwe na mpira mfupi wa kuunganishia. Zile zinazobanwa moja kwa moja kwenye valvu hulitikisa shina kila unaposukuma, mwisho tyubu inachanika pale pale kwenye shina.

Tyubu nayo usiinunue kwa kutaja "ishirini na sita" tu. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. 26 x 1.95 na 26 x 1 3/8 zote huitwa 26, lakini ringi ya kwanza ina kipenyo cha milimita 559 na ya pili 590. Tyubu nene ukiilazimisha ndani ya tairi jembamba inajikunja, na pale ilipojikunja ndipo itakapotoboka. Ukiwa na valvu ya kizamani, ongeza na vile vipira vyake viwili vitatu. Joto huviozesha, upepo ukaanza kutoka kidogo kidogo nawe ukadhani ni pancha.

Kuna jambo nililolijua baada ya kuharibu tyubu mbili asubuhi moja. Nilibadilisha ya kwanza, nikaenda mwendo mfupi, upepo ukaisha tena. Nikapapasa ndani ya tairi kwa kidole, sikuona kitu. Mpita njia akaniambia nipitishe kitambaa. Nikakizungusha taratibu, kikanasa: kiwaya chembamba kama unywele, cha matairi yaliyopasuka ya malori, kimechomoza ncha kwa ndani. Kwa hiyo kipande cha kitambaa cha pamba kiwemo mfukoni mwa vifaa. Hakigharimu kitu.

Namba mbili ni taa, na ya nyuma nyekundu itangulie. Dar jua halisubiri mwaka mzima, saa 1 jioni limeshazama, na hata kwenye njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro utakutana na bodaboda na mikokoteni ikija mbele yako, kwa hiyo ya mbele nayo ifuate. Chukua ya kuchaji, lakini kagua kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la chaji. Kikilegea, masika ya kwanza inakufa.

Viraka ni namba tatu, hata kama una tyubu ya akiba, kwani pancha ya pili ipo. Nunua solusheni ndogo ndogo kadhaa badala ya moja kubwa, kwa sababu ikishafunguliwa hukauka. Na ukishaipaka, subiri ikauke mpaka ukiigusa isishike kidole, ndipo ubandike kiraka. Wengi hubandika ikiwa mbichi kisha wanalaumu kiraka.

Baada ya hapo ndipo spana. Namba 15 inafungua nati za gurudumu la nyuma kwenye baiskeli nyingi, pamoja na pedali (ya kushoto hufunguliwa kinyume). Kwa baiskeli ya gia ongeza spana za L namba 4, 5 na 6. Seti kubwa ya boksi iache nyumbani.

Kufuli nimeliweka la mwisho kwa wanaoegesha kwenye geti lenye mlinzi. Kama unaegesha Kariakoo, lipandishe liwe la pili. La waya hukatwa na koleo, chukua la chuma cha U au cheni nene, ufunge fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja.

Helmeti sijaipanga kwa kuwa hiyo haibebwi, inavaliwa. Inunuliwe siku ile ile ya baiskeli.

Ukiacha taa na kufuli, vilivyobaki vinaenea kwenye kimfuko chini ya siti. Tyubu itie ndani ya soksi kuukuu kwanza, la sivyo spana zitaisugua kwenye mashimo ya barabara, nawe utaitoa siku ya shida ukute imeshatoboka.