Mashine ya kuvunja mawe ya figo: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Muuzaji wa mashine ya kuvunja mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko hupenda kuanza na nguvu ya wimbi. Msikilize, kisha muulize: jiwe tutalionaje? Wimbi likikosa jiwe huipiga figo yenyewe, nayo inaweza kuvuja damu. Kwa hiyo sharti langu la kwanza, kwa aina yoyote, ni eksirei na ultrasaundi kwenye mashine moja. Mawe ya asidi ya yuriki hayaonekani kwenye eksirei, na jiwe lililokwama katikati ya mrija wa kushusha mkojo ultrasaundi hulipata kwa shida.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya sumaku-umeme. Wimbi huzalishwa na koili, yaani waya uliosokotwa unaopitishwa umeme, kila pigo hulingana na lililotangulia, na koili hudumu muda mrefu kabla ya kubadilishwa. Kampuni za Dornier ya Ujerumani na Storz Medical ya Uswisi hutengeneza aina hii. Uliza upana wa eneo linalolengwa. Mgonjwa anapopumua jiwe hupanda na kushuka, kwa hiyo mashine yenye eneo jembamba mno hulikosa mara nyingi. Modulith SLX-F2 ya Storz humwezesha daktari kuchagua kati ya eneo jembamba na pana, na hilo ni jambo la kulipia. Mashine ya zamani ya Dornier, HM3, iliyotumia cheche za umeme na ambayo mgonjwa alizamishwa kwenye beseni la maji, ilikuwa na eneo pana, na hadi leo madaktari wengi wa mfumo wa mkojo wanaisifu kwa kuvunja vizuri kuliko nyingi zilizoifuata.

Ya pili ni ya piezo, ambayo wimbi hutolewa na vipande vya kauri vinavyotikiswa na umeme, kama Piezolith ya kampuni ya Richard Wolf. Maumivu ni kidogo na vipande vyake vya kauri havichakai haraka. Kasoro yake ni eneo dogo la kulenga, hivyo baadhi ya wagonjwa hurudi kwa awamu nyingine.

Ya tatu ni ya cheche za umeme. Huvunja vizuri, lakini elektrodi, yaani ncha za chuma zinazotoa cheche, huliwa na cheche hizo na lazima zibadilishwe kila mara, tena kwa kuagiza nje kwa fedha za kigeni. Bei ya kununulia isikudanganye. Piga hesabu ya elektrodi za miaka mitano ndipo ulinganishe.

Mashine iliyotumika, isiyo na fundi wa kampuni anayefikika, naiweka mwisho kabisa. Ikiharibika eksirei yake tu, kazi yote imesimama.

Kabla ya zabuni, jiulizeni kama mnastahili kununua sasa. Bila CT scan mtawatibu wagonjwa wasiofaa: jiwe linalozidi milimita 20, jiwe gumu lenye kipimo cha Hounsfield (kipimo cha CT cha jinsi jiwe lilivyoshikamana) kinachopita 1,000, au lililo sehemu ya chini ya figo likizidi milimita 10, mara nyingi halitoki vizuri kwa njia hii. Mjamzito, mwenye tatizo la damu kuganda na mwenye maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa hawaguswi. Vipande pia vinaweza kujipanga na kuziba mrija, hivyo lazima awepo daktari na vifaa vya kuuzibua. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu na daktari bingwa yupo, mimi ningenunua kwanza kamera ya mrija wa mkojo na leza ya holmium, kwa sababu leza huvunja hata mawe magumu.

Atakayeahidi wagonjwa wengi kwa siku kwa kupiga mapigo 120 kwa dakika, mkatalie. Mapigo 60 hadi 90 huvunja vizuri zaidi, na kuanza na nguvu ndogo huilinda figo. Jeli inayopakwa kati ya mashine na ngozi ya mgonjwa nayo ipakwe bila mapovu, kwani hewa huzuia wimbi. Haya yafundishwe kwa wahudumu wenu, na mafunzo yaandikwe kwenye mkataba pamoja na bei za vipuri na siku ambazo fundi atafika baada ya kuitwa. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya mashine kupimwa mbele ya fundi wenu wa vifaa tiba, ikiwa imefungwa kwenye umeme wa hospitali yenu.