Vijana wa kung'oa mathenge, Malindi

Nawasifu kwa moyo wote vijana waliokuja kuning'olea mathenge, ule mti vamizi wa miiba. Hawakukata juu wakaondoka. Walichimba hadi chini ya shingo ya mzizi, pale machipukizi yanapoanzia, kisha wakapanga matawi ya miiba kando ya ua. Bei nzuri. Kilichoniudhi ni maganda makavu waliyoyaacha chini: mbuzi huyala, na mbegu hutoka kwenye mavi zikiwa tayari kuota. Ili kupunguza mbegu za miti ya jamii hii, Afrika Kusini walileta mbawakawa kutoka Marekani, Algarobius prosopis, mwaka 1987. Mabuu yake hula mbegu ndani ya ganda, kama fukusi kwenye kunde. Lakini mti hawauui, na mara nyingi mifugo huyawahi maganda kabla yao. Ukiwaita vijana hawa, wasisitizie waokote maganda kwanza, wayachome.