Kizimba cha neti cha kufugia vipepeo darasani: kizuri kwa pupa, kibovu kwa viwavi wachanga

Kinachozungumziwa hapa ni kizimba cha kukunja: neti nyeupe iliyoshonwa juu ya waya wa springi, zipu mbele, na upande mmoja una dirisha la plastiki angavu. Ukikitoa mfukoni kinafunguka chenyewe. Huuzwa mtandaoni kwa ukubwa mbalimbali, na kwa darasa la PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hadi Gredi ya 3, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, nunua kile cha sentimita 40 kwa 40, urefu 60. Cha sentimita 30 kiache. Kipepeo wa mlimau (Papilio demodocus), ambaye ndiye rahisi kumpata huku kwetu, akikunjua mabawa huzidi sentimita 10, na watatu wakitoka siku moja watapigana vikumbo.

Vingine huja na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa ajili ya Marekani na Uingereza, ambako viwavi hutumwa kwa posta ndani ya kikombe chenye chakula chao. Haitakusaidia. Huku chakula ni majani ya mlimau, mndimu au mchungwa usiopuliziwa dawa, na kama shule haina mti wa namna hiyo karibu, usinunue kizimba kabisa. Kiwavi mkubwa hula majani kadhaa kwa siku na hakubali kubadilishiwa sukuma wiki. Kwa wanafunzi 40, viwavi 6 hadi 8 wanatosha. Viwavi walao mimea yenye utomvu mweupe waache huko nje, maana utomvu huo ukiingia jichoni mwa mtoto ni balaa.

Sifa kubwa ya kizimba hiki huonekana siku ya kutoka. Kipepeo anapopasua ganda la pupa, yaani umbo ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, mabawa yake ni laini na yamejikunja. Lazima apande, ashike mahali, ayaning'inize yajae na kukauka kwa saa mbili tatu. Neti humpa pa kushika kila upande. Dirisha la plastiki ndilo linaloharibu: linateleza, anaanguka, na mabawa yanakauka yakiwa yamepinda, jambo lisilorekebishika. Bandika kipande cha neti ya mbu kwa ndani, nusu ya juu ya dirisha. Watoto bado wataona kupitia nusu ya chini. Waambie mapema kwamba yale majimaji mekundu-kahawia yatakayodondoka si damu.

Pupa wa kipepeo huyu hukaa kichwa juu, mkia umeshikizwa na kiuno kimefungwa uzi wa hariri. Kwa bahati mbaya viwavi hupenda kugeuka pupa kwenye mshono wa zipu yenyewe. Ikitokea, usimng'oe, tumia upande mwingine wa zipu. Uzi ukikatika, tengeneza koni ya karatasi, mweke humo mkia ukiwa chini, kisha bandika koni kwenye neti. Rangi isikutishe, kwani pupa mzima anaweza kuwa kijani au kahawia. Mwenye tundu dogo mithili ya la sindano ameliwa kwa ndani na nyigu wadogo wanaotaga mayai mwilini mwa viwavi. Ndiyo maana ni heri kuokota mayai, yale madogo ya mviringo, manjano hafifu, yaliyotagwa moja moja kwenye majani machanga. Kiwavi mkubwa aliyetoka mtini huenda tayari amebeba nyigu ndani.

Kwa wachanga kizimba hakifai. Kiwavi aliyeanguliwa ana milimita chache tu na hupenya kwenye kona ambapo zipu huishia. Mlee kwanza kwenye kopo la plastiki la lita 2, karatasi ya shashi chini, kitambaa chepesi juu, na umhamishe kwa brashi ya rangi. Anafanana na kinyesi cha ndege, na darasa litacheka. Akigeuka kijani, mpeleke kizimbani. Shina la majani liwe ndani ya chupa ya maji ambayo mdomo wake umezibwa kwa pamba, la sivyo viwavi watazama. Gazeti la chini libadilishwe kila siku. Kinyesi kikilowa huota ukungu. Miguu ya meza itie kwenye makopo ya maji, maana sisimizi wataipata zipu ile ile.

Kuanzia yai hadi kipepeo tenga wiki 6 hadi 8, na Nakuru, kwa baridi yake, huchelewa kuliko Kisumu. Anza mapema muhulani, usije ukafunga shule pupa wakiwa bado hawajapasuka. Kisumu, tatizo ni jua la mchana chini ya mabati: weka kizimba mbali na dirisha.

Kikifika, endesha zipu mara kadhaa na ukague kona zote kabla aliyekileta hajaondoka. Mshono ukiwa umeachia, rudisha. Fundi cherehani anaweza kuushona, lakini akiacha upenyo wa milimita tatu, viwavi utawakuta ukutani.