Maji ya betri, dumu la lita 5: mwaka na nusu kwenye rejeta ya Toyota IST yangu

Nayapa nyota tano. Na hapo siongelei kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, naongelea maji yenyewe, yale ya kuchanganyia. Maana watu tunatoa hela ndefu kununua kulanti ya maana afu tunaenda kuichanganya na maji ya kisima, na mimi nilifanya hivyo miaka kama mitatu, ikanigharimu rejeta nzima na wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini.

Gari ni IST, injini ya 1NZ. Naishi Mbagala, na wenzangu wa huku mnayajua maji yetu, ukifulia sabuni haitoi povu, birika ukilichemshia wiki mbili tu linaota ukoko mweupe kwa ndani. Sasa hayo hayo ndo yalikua yanaingia kwenye injini. Fundi wangu wa zamani alikua anamimina chupa ya kulanti, anachota maji kwenye ndoo iliyopo pale gereji, anajazia mpaka juu, kazi imeisha. Siku moja nikamuuliza haya maji hayana shida? Akanijibu "dada maji ni maji, kikubwa rejeta isikauke". Nikaamini kwasababu yeye ndo fundi.

Gari ikaja kuchemsha kwenye mlima wa Kitonga. Tunaenda msibani Iringa, watu watano ndani, malori yamejipanga mbele yetu yanapanda taratibu, AC inawaka, ghafla naona mvuke mbele. Tulikaa pembeni ya mlima zaidi ya saa nzima tunasubiri ipoe, maana mfuniko wa rejeta ukiufungua injini ikiwa ya moto yale maji yanakurukia usoni, naomba hilo msilijaribu kabisa kabisa.

Niliporudi Dar nikaenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa rejeta maeneo ya Gerezani. Akaifungua rejeta ile juu akanionyesha. Vile vimirija bapa ambavyo maji yanapita, karibu nusu vilikua vimeziba, vimejaa kitu cheupe kama chokaa, akachokoa na bisibisi nyembamba kikawa kinadondoka vipande vipande kwenye kiganja chake kama maganda ya yai. Akaniuliza "mwanangu unatumia maji gani?" Nikamwambia ya kisima. Akatikisa kichwa tu. Wota pampu nayo ilikua imeliwa na kutu, haifai.

Alichonieleza mzee, na nilichokuja kusoma mwenyewe baadae, ni hivi. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu, yakipata moto wa injini yanaganda kwenye kuta kama yanavyoganda kwenye birika. Afu kulanti nyingi za Kijapani zina fosfeti, ndo inayolinda aluminiamu isiliwe, sasa fosfeti ikikutana na kalsiamu nyingi inashikana nayo inakua uchafu, kwahiyo unapata hasara mara mbili, njia inaziba na kinga yenyewe inapungua. Na chumvi ya kawaida ile tunayoisikia mdomoni ina kloraidi, hiyo inatoboa aluminiamu vishimo vidogo vidogo. Rejeta za sahivi ni aluminiamu, silinda hedi aluminiamu. Ndo maana sikubali tena mtu aniambie maji ni maji.

Mzee akanituma nikanunue maji ya betri, dumu la lita 5, nililipa elfu tano. Haya ni maji yaliyoondolewa chumvi, ama kwa kuchemshwa mvuke wake ukakusanywa, ama kwa kuchujwa na mtambo. Mimi sikuishia hapo, nilinunua na kipimo kile kidogo kama kalamu kinachosoma chumvi zilizomo ndani ya maji, namba ikiwa kubwa ndo chumvi nyingi, nikapanga vikombe mezani. Kisima kikasoma 1,640. Bomba la kwa dada yangu Kimara 140. Maji ya chupa ya kunywa 62. Maji yanayodondoka kwenye AC ya ofisini 15. Maji ya betri, 2. Nikachemsha na yale ya kisima maana watu wengi wanasema ukichemsha inatosha, yalipopoa yakasoma 1,690. Ukichemsha unapunguza ule ukoko kidogo ndio, ila chumvi haiondoki na mvuke, inabaki kwenye sufuria na maji yamepungua, ndo yanazidi kukolea.

Kama huna kipimo chukua bati au kikaango cheusi kisafi, tone moja moja la kila maji, acha yakauke juani. La kisima liliniachia duara jeupe ambalo ukilikwangua na kucha linatoka unga. La maji ya betri sikuona lilipokua.

Maji ya AC wengi wataniuliza, yanasoma vizuri kweli ila yamepita kwenye vumbi na vyuma vya kipoza hewa, mimi siyaweki. Mvua hivyo hivyo, maji laini lakini yameshuka juu ya bati. Ukikwama barabarani weka maji yoyote uliyonayo hata ya kunywa, ufike salama, afu ukifika umwage uweke sawa.

Sasa hapa naomba msome vizuri. Dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa ASIDI, ile ya kujazia betri mpya kavu, na wauzaji wengine wanaita zote mbili jina moja. Mimi ilishanitokea, kijana akanipa chupa nikaona mbona nzito kuliko kawaida, kusoma lebo ni asidi. Lita moja ya ile inakaribia kilo moja na robo wakati maji ni kilo moja. Soma lebo, na kama haina lebo iache hapohapo, usijaribu kwa kuonja wala kwa kidole.

Kwenye kuchanganya, mzee alinifundisha kitu ambacho mafundi wengi wanaruka. Ukifungua koki ya chini ya rejeta haitoki yote, yangu inabeba kama lita 5 ila zilitoka 3 hivi, nyingine imebaki kwenye bloku na kwenye hita. Kwahiyo ukishaflashi, yani kusuuza ndani, na maji safi, flashi ya mwisho ikawa ya maji ya betri, weka kwanza kulanti yenyewe nusu ya ujazo wote, lita 2 na nusu, ndo umalizie na maji. Ukichanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo ukamimina, yale yaliyobaki ndani yanaizimua. Na msiseme Dar hakuna baridi kwahiyo kulanti kidogo inatosha, kinga ya kutu iko humo humo kwenye kulanti. Ila usiweke tupu bila maji pia, maji ndo yanabeba joto vizuri zaidi. Kama umenunua ile ya pinki ya Toyota ambayo imeshachanganywa, hiyo mimina hivyo hivyo usiongeze kitu.

Malalamiko yangu kwa hili dumu ni mfuniko. Ukishaufungua mara ya kwanza haukazi tena vizuri, langu lilimwagika kwenye buti likalowesha kapeti. Pia kuna maduka yanapima kwa chupa kutoka kwenye pipa lililo wazi, hayo sinunui, nataka lenye sili. Yaliyobaki nilihamishia kwenye chupa safi, naongezea kwenye betri na ile tanki ya akiba.

Wiki iliyopita gari ikiwa imepoa asubuhi nilifungua mfuniko wa rejeta nikamulika na tochi ya simu. Kulanti nyekundu bado inang'aa, chini ya mfuniko hakuna utando, vimirija vinaonekana mpaka ndani. Kitonga nimeshapanda mara mbili tangu hapo. Jumamosi nimechukua dumu jingine, nililipa elfu sita.