"Common" au "ordinary"?

Kiswahili kina neno moja, "kawaida", na ndilo linalotuponza. Kiingereza hugawa maana hiyo mara mbili.

"Common" huhesabu: kitu kinapatikana kwa wingi, au watu wanakishiriki. Asili yake ni neno la Kilatini "communis", yaani cha wote. Malaria ni "a common disease" kwetu Tanzania. Kuiita "ordinary" ni kama kusema haina uzito, na ugonjwa unaoua watoto si wa kupuuzwa hivyo.

"Ordinary" hupima upekee: kitu hakina la ziada. Limetokana na "ordo", mpangilio. Ndiyo maana kidato cha kwanza hadi cha nne huitwa "Ordinary Level", chini ya "Advanced".

Kwa watu, tahadhari! "An ordinary person" ni mwananchi wa kawaida, hakuna tusi. Lakini ukimwambia Mwingereza "you are common", umemwita mshamba asiye na adabu. Hapo mimi huchagua "ordinary" bila kusita.

Jiulize: ningesema "kimeenea"? Basi "common". Ningesema "hakina cha pekee"? Andika "ordinary".